Mfungwa Naye ni Mpiga Kura

(Hotuba ya wakili mmoja wa mjini Garissa mbele ya kikao cha pamoja cha waumini wa makanisa, makundi ya haki na amani na wanamageuzi wa mkoa. Tunaichapa kama alivyoisoma, pamoja na maneno machache aliyoongeza baada ya maswali.)

  

Nilipoombwa nije kusema juu ya haki ya mfungwa kupiga kura, mzee mmoja wa kanisa, ambaye namheshimu na ambaye ameketi hapa mbele, aliniuliza swali moja tu: "Wakili, huna jambo jingine la kutuambia?" Alikuwa na sababu. Sisi watu wa Garissa tumezika. Tarehe 1 Julai 2012 waumini walishambuliwa kwa risasi na guruneti wakiwa ibadani katika mji huu huu. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo kikuu chetu, wengi wao vijana waliokuwa wameamka kwa sala ya alfajiri au bado wamelala vitandani. Kumwambia mtu aliyezika mwana kwamba leo tutajadili haki za wafungwa ni kumtonesha kidonda. Nakiri hivyo mwanzoni, na nitarejea jambo hilo kabla sijaketi, kwa maana hoja yangu isipoweza kusimama mbele ya kaburi hilo, basi haifai kusimama popote.

Nianze na sheria, maana wengi wetu tunaijadili bila kuisoma.

Kanuni ya Adhabu ya Kenya hugawa makosa mafungu mawili. Kosa kubwa ni lile ambalo adhabu yake yaweza kuwa kifo au kifungo cha miaka 3 na zaidi. Lililobaki ni kosa dogo. Wako wananchi, na nimewasikia hata makarani wa serikali wakisema hivi kwa uhakika kabisa, wanaoamini kwamba mtu akishahukumiwa kwa kosa kubwa hupoteza kura yake maisha yake yote. Huko Marekani yako majimbo yenye sheria za namna hiyo. Hapa Kenya haiko. Mtu aliyetumikia kifungo chake akatoka ni mpiga kura kama Askofu na kama Gavana. Hahitaji msamaha wa Rais, hahitaji barua ya chifu, wala hahitaji cheti cha tabia njema ili aandikishwe. Kama kuna mtu katika ukumbi huu aliyewahi kufungwa na akaambiwa vinginevyo, amedanganywa.

Sasa je, yule ambaye bado yumo ndani? Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 83, inataka mambo matatu kwa mpiga kura: awe raia mtu mzima, asiwe ametangazwa kuwa na ugonjwa wa akili, na asiwe amehukumiwa kwa kosa la uchaguzi katika miaka 5 iliyotangulia. Basi. Tafuta humo neno jela, hulioni. Tena kifungu hicho hicho kinaagiza kwamba taratibu za utawala zitungwe ili kumwezesha raia kupiga kura, si kumnyima. Na Kifungu cha 51 kinasema aliyezuiliwa au kufungwa anabaki na haki zake zote, isipokuwa zile ambazo ni dhahiri haziwezi kwenda pamoja na kuzuiliwa kwake. Kutembea atakavyo hakuendi pamoja na jela. Kutia alama kwenye karatasi na kuidondosha katika sanduku kunakwenda.

Mtaona jambo la ajabu kidogo. Mwizi wa mifugo hanyang'anywi kura, muuaji hanyang'anywi, lakini aliyehukumiwa kwa kununua kura ananyang'anywa kwa miaka 5. Waliotunga Katiba waliona kwamba anayestahili kuwekwa kando ya sanduku la kura ni yule aliyelichafua sanduku lenyewe. Ni busara. Ubaya wake ni kwamba wanunuzi wa kura tunawajua kwa majina, na wanaofikishwa kizimbani wakahukumiwa ni wachache mno. Lakini hiyo ni hotuba ya siku nyingine.

Haikuwa hivi tangu zamani. Katiba ya zamani, katika kifungu chake cha 43, ilimwondoa katika daftari la wapiga kura kila mtu aliyewekwa chini ya ulinzi kwa mujibu wa sheria. Haikusema aliyehukumiwa, wala haikutaja ukubwa wa kosa. Ilitosha uwe umefungiwa. Kwa maneno hayo machache walimezwa wafungwa wa vifungo virefu, walimezwa mahabusu ambao kesi zao hazijasikizwa, na walimezwa wote waliotiwa kizuizini kwa amri ya serikali bila kufikishwa mbele ya hakimu.

Nawaomba wale wenye umri wangu na zaidi wakumbuke hao walikuwa nani. Kenneth Matiba, Charles Rubia na Raila Odinga walikamatwa Julai 1990, siku chache kabla ya Saba Saba, wakatiwa kizuizini. Kabla yao, katika miaka ya 1986 na 1987, walimu, wanafunzi wa vyuo vikuu, waandishi wa habari na wakulima walipitishwa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, kisha wakapelekwa mahakamani wakiri kuwa wafuasi wa Mwakenya. Walikiri, wakafungwa. Mbele ya sheria hao hawakuwa mashujaa; walikuwa wahalifu waliotiwa hatiani kwa kukiri kwao wenyewe. Ni mwaka 2010 ndipo Mahakama Kuu ilipoamuru wahasiriwa 21 wa Nyayo House walipwe fidia, na taifa likakubali kwa kauli ya jaji kwamba aliyekuwa na hatia siku zile hakuwa yule aliyekuwa kizimbani.

Na akina mama wa wafungwa wa kisiasa, waliopiga kambi Uhuru Park Februari 1992, wakapigwa na askari, wakapata hifadhi chini ya kanisa kuu la All Saints, walikuwa wakiwadai wana ambao kwa karatasi za mahakama walikuwa wafungwa halali. Kanisa halikuuliza karatasi zinasema nini. Liliwafungulia mlango. Ndipo nashangaa ninapowasikia baadhi ya watu wa makanisa wakisema leo kwamba mfungwa ni mfungwa, na aliyefungwa ameyataka mwenyewe.

Nasema hivi si kwa kudai kwamba kila aliyeko gerezani ni mfungwa wa kisiasa. La hasha. Wengi wao waliiba, walipiga, walibaka, waliua. Ninawatetea baadhi yao na ninajua walilolifanya. Nasema tu kwamba serikali ikipewa uwezo wa kumtoa raia katika daftari la wapiga kura kwa kumfunga, itakuwa pia imepewa sababu ya kufunga. Sisi wa mkoa huu tuna haki ya kulisema hilo kuliko Mkenya mwingine yeyote.

Hebu tuitazame historia yetu. Mnamo mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliitangaza Kaskazini kuwa wilaya iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki bila kibali. Mwaka 1934 ikaongeza sheria ya utawala wa wilaya maalumu. Wasomali wa eneo hili walipoususia uchaguzi wa Mei 1963 kwa sababu ya suala la mpaka, Kenya ilipata uhuru huku mkoa mzima ukiwa hauna sauti ya kweli bungeni. Desemba 1963, bendera ikiwa haijamaliza hata mwezi, hali ya hatari ikatangazwa. Vita vya Shifta vilikwisha 1967, ila hali ya hatari haikwisha. Ilikaa hadi Novemba 1991. Mwezi uliofuata, Desemba 1991, Bunge liliondoa Kifungu cha 2A na mfumo wa vyama vingi ukarudi. Watu wa Nairobi husherehekea tarehe moja. Sisi tuna mbili, na ile ya kwanza wengi nchini hawaijui.

Kwa hiyo kwa miaka karibu 28 mkoa mzima uliishi chini ya sheria ambayo kwingineko ni ya mtu aliye chini ya ulinzi. Askari aliweza kukamata bila hati, kuzuia watu bila mashtaka, kuwafungia wanakijiji na mifugo yao mahali pamoja. Garissa mwaka 1980 na Wagalla mwaka 1984 ndipo tulipoona mwisho wa njia hiyo, na ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 imeyaandika kwa kirefu, ijapokuwa bado inakaa rafuni.

Mimi ni Mpokomo wa mtoni, babangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilipokuwa mtoto basi lilisimamishwa kwenye kizuizi kimoja cha barabara, abiria wote wakashushwa, kisha wakatengwa kwa sura: huku wenye pua hizi, kule wenye nywele zile. Mwaka 1989 serikali ilianza kuwachuja Wakenya wenye asili ya Kisomali, wakatakiwa waonyeshe ukoo wao na wakapewa kadi za waridi za kubeba pamoja na kitambulisho. Sikuwa miongoni mwa waliotengwa upande ule. Lakini niliona rafiki wa babangu, mwalimu mwenziwe, akisimama juani na kuulizwa yeye ni nani na kijana wa umri wa wanafunzi wake.

Mtauliza, kizuizi cha barabara kinahusiana vipi na kura ya mfungwa? Kinahusiana kwa njia ya kitambulisho. Ili uandikishwe kuwa mpiga kura lazima uwe na kitambulisho cha taifa au pasipoti. Katika mkoa huu kukosa kitambulisho kumekuwa sababu ya kukamatwa. Na aliyekamatwa kwa kukosa kitambulisho, akifika gerezani, hawezi kuandikishwa kwa sababu hana kitambulisho. Waingereza wana neno la Kilatini kwa jambo la namna hii. Sisi husema nyoka amejimeza mkia.

Tena wapo wale wa Garissa, Wajir na Mandera, wanaokadiriwa kufikia 40,000, ambao wazazi wao waliwaandikisha Dadaab wakati wa ukame ili wapate chakula na matibabu, ilhali walikuwa Wakenya. Walipofikia umri wa miaka 18 mashine ikasoma alama za vidole ikasema: mkimbizi. Njaa ya mtoto wa miaka minne ikawa hukumu yake ya maisha. Hao hawajavunja sheria yoyote, hawajafungwa na mahakama yoyote, na bado wamekosa kura kwa muda mrefu kuliko wezi wengi ninaowatetea. Februari 2025 Rais alitia saini hapa Kaskazini Mashariki tangazo la kukomesha uchujaji ule wa wanaoomba vitambulisho katika kaunti za mpakani, na likazua ubishi mkali katika sehemu nyingine za nchi. Msikilize ubishi huo kwa makini: ni ule ule wa kura ya mfungwa. Msingi wake ni kwamba wako raia wa kuaminiwa na wako raia wa kushukiwa.

Narudi gerezani. Mwezi Juni 2010, zikiwa zimesalia wiki chache kabla ya kura ya maamuzi juu ya Katiba, Bi. Priscilla Nyokabi Kanyua, wakili aliyekuwa akiongoza Kituo cha Sheria, aliipeleka serikali mbele ya mahakama maalumu ya muda iliyoundwa kusikiza migogoro ya mabadiliko ya Katiba. Hoja yake ilikuwa nyepesi na kali. Kile kifungu cha 43 cha Katiba ya zamani kilihusu uchaguzi wa Rais na wabunge. Hakikusema lolote juu ya kura ya maamuzi, na kutunga Katiba ni haki ya wananchi wote. Mahakama ilikubali. Tarehe 4 Agosti 2010 wafungwa wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza, na Katiba waliyoipigia kura ndiyo iliyowaondolea ile marufuku ya zamani.

Ungedhani mambo yalikwisha hapo. Hayakwisha. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 ulipita wafungwa wakiutazama kwenye runinga, wale waliokuwa na runinga. Kituo cha Sheria kikarudi mahakamani, haki ikakubaliwa, ila muda ukawa umekwenda. Ni mwaka 2017 ndipo tume ya uchaguzi ilipowaandikisha na kuweka vituo ndani ya magereza kwa uchaguzi mkuu. Waliandikishwa zaidi ya 5,000. Mwaka 2022 wakapita 7,000. Linganisheni na watu zaidi ya 50,000 walioko katika magereza yetu siku yoyote ile. Haki imeandikwa na Katiba na kuthibitishwa na mahakama, na wanaoifikia ni wachache.

Sababu za uchache huo ninazijua kwa kuziona. Mwaka 2017 nilikuwa na mteja katika gereza moja la mkoa, mzee wa miaka sitini na zaidi, mahabusu, akishtakiwa kwa wizi wa mbuzi ambao yeye alisema ni wa mjomba wake. Aliniomba nimsaidie aandikishwe. Kitambulisho chake kilichukuliwa siku aliyokamatwa. Nilikwenda nilikoelekezwa, nikaambiwa kimepelekwa pamoja na vielelezo. Nilikwenda kwenye vielelezo, nikaambiwa hakijafika. Nikaandika barua mbili, siku za kuandikisha zikaisha nikiwa bado nasubiri jibu la ya kwanza. Mzee aliachiliwa Novemba mwaka ule, hakimu akasema hakuna ushahidi. Sheria ilimwona hana hatia tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, kama Kifungu cha 50 kinavyotaka, na hata hivyo uchaguzi ulimpita. Aliponishukuru sikuwa na la kumjibu. Kitambulisho chenyewe hakikupatikana hadi leo.

Liko pia jambo la nafasi anazopigia kura. Ninyi mkiingia kituoni hupewa karatasi 6: Rais, Gavana, Seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wa wadi. Mfungwa mwaka 2017 na 2022 alipewa moja tu, ya Rais. Maelezo yanayotolewa yana mantiki yake, nami sipendi kuyakejeli: gereza liko ndani ya wadi moja, na mamia ya watu kutoka Kitui, Lamu na Mandera wakipigia kura mwakilishi wa wadi ambayo hawataishi, watakuwa wamewachagulia wengine kiongozi. Nakubali. Lakini mfungwa aliyezaliwa Garissa, aliyefungwa Garissa, na ambaye mkewe na watoto wako Garissa, anazuiwa kwa nini kumchagua Gavana wa Garissa? Hospitali atakayotibiwa mwanawe iko mikononi mwa Gavana. Dawa ya tatizo ni kumwandikia mtu kaunti yake ya nyumbani, si kumkata vipande akabaki raia wa Rais peke yake.

Ziko hoja za wanaotupinga, na baadhi yao wako hapa. Wanasema wafungwa watapiga kura kwa amri ya askari jela. Hatari hiyo ipo. Lakini hatari ya kupiga kura kwa amri haikuanzia jela. Mwaka 1988 tulisimama mlolongo nyuma ya picha za wagombea, chifu akitutazama, na mlolongo mfupi ukatangazwa kuwa mrefu. Hatukusema basi Wakenya wasipige kura. Tulisema sanduku la siri lirudi. Katika kaunti zetu hizi, tuseme ukweli, wazee wa koo hukutana wakagawana viti kabla ya raia hajaiona karatasi, na tumekuita huko demokrasia ya makubaliano. Mfungwa hana la kutuonea wivu. Tunachotaka ni mawakala na waangalizi waingie gerezani kama wanavyoingia shuleni.

Wanasema pia kwamba anayevunja sheria hawezi kuchagua watunga sheria. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ililitazama hilo mwaka 1999 na tena mwaka 2004. Hukumu ya kwanza iliandikwa na Jaji Albie Sachs, mtu aliyewahi kuwekwa kizuizini na makaburu na baadaye kupoteza mkono kwa bomu mjini Maputo mwaka 1988. Alisema kwa maana hii: kura ni alama ya kwamba mtu ni mtu. Kanada ilifika huko huko mwaka 2002. Jirani zetu nao: Mahakama Kuu ya Uganda iliamua mwaka 2020 kwamba wafungwa wana haki ya kura, na ile ya Tanzania mwaka 2022 ikakitangaza kinyume cha Katiba kifungu kilichomnyima kura aliyefungwa kwa zaidi ya miezi 6. Upande wa pili iko Marekani, ambako ni Maine na Vermont tu, pamoja na jiji la Washington, wanaomwacha mfungwa apige kura hata akiwa ndani kwa kosa kubwa. Jimbo la Florida, lililoamua urais wa mwaka 2000 kwa kura 537, lilikuwa limewafuta raia wengi mno kwa hukumu zilizokwisha tumikiwa. Wananchi wa jimbo hilo wenyewe walipiga kura mwaka 2018 kuwarudishia haki wengi wao, na mwaka uliofuata wabunge wakaweka sharti la kulipa faini kwanza. Maskini akarudi pale pale alipokuwa.

Wazee wa Kisomali waliopo wanajua njia nyingine. Katika mila ya heer, roho ya mtu hulipwa, ngamia 100 kwa mwanamume, na ikishalipwa ukoo wa muuaji huketi tena chini ya mti na kusema. Hakuna anayewaambia nyinyi mnyamaze milele. Sitaki kuipamba mila hiyo kupita kiasi, maana mwanamke huhesabiwa nusu, na nimeona kesi za ubakaji zikizikwa katika maslaha huku msichana mwenyewe hakuulizwa lolote. Lakini wazo kwamba adhabu ina kipimo, na kwamba nje ya kipimo hicho mtu hurudi kuwa mwenzetu, halikuletwa na wazungu katika vitabu vya haki za binadamu.

Na wasomaji wa Biblia mtamkumbuka Paulo huko Filipi. Alipigwa viboko hadharani, akatiwa ndani na miguu yake ikafungwa kwenye mkatale. Kulipokucha wakuu wa mji wakatuma watu wamwachie aende zake kimya kimya. Alikataa. Aliwaambia yeye ni raia wa Roma, waje wenyewe wamtoe. Usiku mzima gerezani haukuwa umemwondolea uraia wake, naye hakukubali wajifanye kwamba umemwondolea. Nabii Yusuf, ambaye Waislamu na Wakristo tunamheshimu sote, alitolewa jela akaokoa nchi nzima na njaa.

Sasa lile kaburi. Juni 2019 mahakama ya Milimani iliwatia hatiani watu watatu kwa kushiriki njama ya shambulio la chuo kikuu. Mmoja alifungwa maisha, naye alikuwa mgeni asiye na kura Kenya. Wawili walifungwa miaka 41 kila mmoja. Mtu akiniuliza: je, raia aliyehukumiwa kwa jambo kama lile apewe karatasi ya kura? Jibu langu ni ndiyo, na linaniwia zito kinywani. Halitoki katika kumhurumia. Nimeketi na mama mmoja aliyepoteza binti katika bweni lile. Aliniambia hataki hata kusikia kwamba watu hao wanapewa maharagwe. Sikubishana naye, wala sitabishana naye mtu akiniombea. Yeye hadaiwi kitu. Lakini serikali inadaiwa. Waliokuja siku ile waliwatenga wanafunzi wetu, huku Wakristo, kule Waislamu, na wakaamua nani abaki hai. Kazi ya dola iliyo kinyume cha watu hao ni kukataa kuwagawa raia wake wawe wa kuhesabiwa na wa kutohesabiwa, hata pale raia mmoja anapokuwa ametenda jambo la kinyama. Afungwe miaka 41. Alinde seli yake miaka 41. Jina lake libaki daftarini. Ninyi mwaweza kulikataa hili, nami nitaelewa. Nimewaambia ninavyoamini.

(Baada ya maswali, mzungumzaji aliongeza haya.)

Dada aliyeuliza tufanye nini: uchaguzi ujao umepangiwa Agosti 2027, na kuandikisha ndani ya magereza huja kwa siku chache tu, tena kwa ghafla. Tusingoje tangazo. Makasisi na maimamu wanaoingia Gereza la Garissa kila wiki waulize jambo moja kwa kila mtu: kitambulisho chako kiko wapi? Andikeni jina, nambari kama anaikumbuka, kituo alichokamatiwa na tarehe. Familia nyingi zina kitambulisho nyumbani bila kujua kwamba mtu wao anakihitaji huko ndani. Kwa wale ambao chao kilichukuliwa na hakijulikani kiliko, nileteeni majina; mimi na mawakili wenzangu wawili tutaandika barua bila malipo, na safari hii hatutangoja jibu la ya kwanza. Yule kijana wa Bulla aliyesema ametoka jela mwaka juzi na hajawahi kujaribu kujiandikisha, naomba asiondoke kabla hatujaonana. Ofisi ya tume hufunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi, nami nitakuwa mlangoni.